Mitende ya Mzee Awadhi

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, kwamba katika bonde moja la nchi ya Yemeni palikuwa na bustani ya mitende arubaini na kisima kimoja, mali ya mtu mchamungu aitwaye Awadhi bin Mbaraka. Mzee huyu alijaaliwa wana watatu na mabinti wawili. Alipohisi mauti yamemkaribia, aliwakusanya kitandani pake akawaapisha kwamba bustani ile haitagawanywa kamwe. Tena akaongeza sharti: siku ya mavuno, mundu usipande mtendeni mpaka kila tawi la ukoo liwe na mtu wake amesimama chini ya mti.

“Atakayeigawa,” akasema, “mimi sina radhi naye duniani wala akhera.”

Alikusudia kheri. Alikuwa ameona ndugu wa baba mmoja wakikatana mapanga kwa ajili ya shina moja la mtende, naye akataka wanawe wakutane kila mwaka, wapende wasipende. Lakini mirathi amekwisha kuigawa Mola wetu kwa neno Lake mwenyewe, na mzee, Mungu amrehemu, alitaka kuwa na huruma kuliko sheria. Wangapi wetu hatujafanya hivyo?

Aliyemuuguza alikuwa Muzna, kitinda mimba wake. Mwaka ule Muzna alikuwa ameachwa na mumewe, amerudi kwa baba bila mtoto wala mkeka wa kulalia. Siku ya tatu baada ya kiapo, wakati wa alasiri, mzee alifumbua macho akamshika mkono.

“Muzna, nimekosa. Nimefunga mlango aliouacha wazi Mwenyezi Mungu. Waite nduguzo uwaambie nimewafungua. Wagawane kama Kitabu kilivyosema, na radhi yangu wanayo.”

Ndugu walikuwa kisimani, si mbali. Muzna aliinuka kwenda kuwaita, lakini alipofika mlangoni miguu ikamsita. Alijua kwamba bustani ikigawanywa, fungu lake ni mitende mitano, na nyumba ile ya udongo waliyomo itachukuliwa na kaka yake mkubwa, ambaye mkewe hakutaka hata kumwona. Ataenda wapi mwanamke aliyeachwa? Akasema moyoni, nitawaambia kesho. Kabla ya magharibi mzee akakata roho, na kesho ile ilichukua miaka arubaini na miwili.

Tusiwe wepesi wa kumlaani. Muzna hakuwa mwanamke muovu. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, alilea mayatima wa ukoo, na watu walimletea watoto wao wagonjwa awasomee dua. Walimwita Mama wa Bustani na kumbusu mkono. Kila alipobusiwa mkono ule, alikumbuka kwamba ndio mkono alioshikwa na baba yake, akauvuta haraka, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Miaka ya mwanzo mavuno yalikuwa sherehe. Wahenga walisema, wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime, wapatanapo chukua kapu ukavune. Na hawa waligombana na kupatana kama ndugu wote, mradi makapu yalijaa. Kisha kaka zake Muzna wakafa mmoja mmoja, na dada yake pia. Wana wakazaa wana, mpaka warithi wakapita sitini. Mmoja alinuna kwa kutoalikwa harusini, asije kuvuna. Mwaka uliofuata akanuna mwingine kwa sababu yule wa kwanza alibembelezwa. Tawi moja likikosa mtu, sharti la mzee linazuia mundu, na tende zikawa zinaozea juu ya miti huku wenyewe wakinunua tende za majirani. Hata mifereji ilipoziba na kuta za kisima zilipoanza kumeguka, kila mmoja alisema, “Kwani ni changu peke yangu?”

Muzna aliyaona yote hayo kutoka dirishani pake. Mtende ukikauka, aliulilia. Alijua kwamba neno moja kutoka kinywani mwake lingewafungua wote, na kila mwaka neno lile lilizidi kuwa zito, kwa kuwa sasa angelazimika kueleza pia alikokuwa amelificha. Akaomba toba usiku na mchana. Lakini toba ya haki ya mtu haitimii mpaka haki irudi kwa mwenyewe, na hilo alilijua vilevile.

Katika ukoo ule mzima aliyeihurumia ardhi alikuwa mmoja tu, Yaslam, mtoto wa kaka yake wa pili. Mwaka wa ukame, tende zikiwa zimeiva na nusu ya ukoo haisemezani, Yaslam alikuja kwa Muzna asubuhi na kamba begani.

“Shangazi, nateremka kisimani kuondoa mchanga. Nimewaomba wenzangu siku saba, hakuna aliyekuja.”

“Kuta zile mbovu, mwanangu. Subiri upate watu.”

“Watu gani, shangazi? Wote wanaogopa kushika kitu, mwenzake asije akasema anajimilikisha. Tungegawana, kila mtu angetunza chake. Lakini nani atathubutu kubeba laana ya babu?” Akacheka kwa uchungu. “Laiti mzee angetufungua kabla hajafa.”

Muzna alikuwa amemshikia kikombe cha kahawa. Neno lilimpanda mpaka kooni. Angelitamka, Yaslam angeitupa kamba ile chini na kukimbia mbio kumwita kadhi. Badala yake akasema, “Mungu ana njia zake, mwanangu. Kunywa kahawa.”

Yaslam akanywa, akaomba dua yake, akateremka. Jua lilipofika utosini, ukuta wa kisima ulimwangukia.

Walimtoa alasiri, amekwisha kufa. Habari zikatembea bonde zima, na ukoo ukaja, hata wale ambao walikuwa hawajaikanyaga bustani ile kwa miaka tisa. Kadhi akamsalia, wakamzika, wakarudi kukaa matangani chini ya mitende. Muzna alikuwa ameketi mlangoni na Zuhra, mjane wa Yaslam, aliyekuwa hana hata nguvu ya kulia.

Hapo ndipo Bukheti, mjukuu mkubwa wa mzee Awadhi, alipotazama huku na huku akihesabu kwa vidole. Hakuwa na nia ya dharau. Njaa ilikuwa nyumbani kwake kama kwa wengine. Akasema taratibu, “Jamaa, leo matawi yote yamekamilika. Sharti la babu limetimia. Mnaonaje, mundu upande?”

Hakuna aliyemkemea. Wawili watatu wakainua macho kuzitazama tende.

Muzna akasikia moyo wake unakatika. Akasimama, akatembea mpaka mbele ya kadhi, na miguu iliyomsita siku ile safari hii ikamfikisha.

“Ewe kadhi, nishuhudie, na nyote nishuhudieni. Baba yangu hakufa na kiapo chake. Alikitengua siku aliyokufa, akanituma niwaite kaka zangu wagawane, na radhi yake akawapa. Sikuwaita. Niliogopa kukosa nyumba.”

Kadhi akamuuliza, “Bibi, unajua unachokisema?”

“Ninakijua. Nimekijua miaka arubaini na miwili.”

“Na sisi tulikuwa tukikubusu mkono!” Bukheti akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Wengine wakamtukana, wengine wakalia. Muzna hakusikia hata mmoja wao. Alikuwa anamtazama Zuhra mlangoni, na Zuhra alikuwa anakitazama kikombe cha kahawa kilichobaki pale tangu asubuhi.

Kadhi akaigawa bustani kama Kitabu kilivyosema. Katika mitende arubaini, iliyo hai ilikuwa kumi na mmoja. Wako waliorithi visiki, wako waliorithi sehemu ya kisiki, wakaenda zao bila kuagana. Nyumba ikawa fungu la Bukheti, naye hakumpa Muzna hata siku saba. Katika mitende yake mitano ulikuwa hai mmoja tu. Akawapa yote watoto wa Yaslam, akahamia kibanda kilichokuwa nyuma ya msikiti. Hakuna tena aliyemletea mtoto wa kusomewa dua.

Zuhra alipomaliza eda, Ijumaa moja alikuja na bakuli la uji na tende za mtende ule mmoja. Akatoa salamu, akaliweka kizingitini, akaondoka. Akafanya hivyo kila Ijumaa kwa miaka miwili, asizidishe neno juu ya salamu. Muzna alikula akilia, kwa kuwa alizijua tende zile.

Ijumaa ya mwisho alikuwa hawezi kuinuka, Zuhra akaingia ndani kumlisha.

“Zuhra, mwanangu, umenisamehe?”

“Bado, shangazi,” Zuhra akajibu, akimpelekea kijiko mdomoni. “Kila nikitaka, nakiona kisima. Kula, uji unapoa.”

Muzna akafa wiki ile, na ile “bado” akaenda nayo kaburini. Aliyemwosha ni Zuhra.

Ndugu zangu katika imani, wapo watakaouliza mwisho wake mbele ya Mola wake ulikuwaje. Hilo halituhusu, rehema Yake ni pana, na mwanamke yule alisema kweli siku ambayo kila mtu alikuwa na sababu ya kunyamaza. Lakini kweli ile haikumtoa Yaslam kaburini wala haikuuhuisha mtende hata mmoja. Basi ewe uliyeachiwa neno la watu, wewe unayejua mpaka wa shamba ulipo, wosia ulikuwaje na nani amedhulumiwa, inuka ukawaite leo, wakingali kisimani.