Shairi Lisilo na Baba

Kulikuwa na mwalimu mmoja, ndugu zangu, aliyefundisha ushairi katika kijiji ambacho vijana wake walikuwa wamekwenda vitani. Mwanawe wa pekee naye alikwenda, tena aliondoka wakiwa wamegombana. Mwalimu akaapa hatakanyaga kishamba cha yule kijana mpaka arudi mwenyewe kuomba radhi. Ikawa mke wa mwalimu ndiye anayekipalilia kila msimu, peke yake, jua la utosi.

"Unamlimia nani?" mwalimu humuuliza. Mama wa watu anainama tu na jembe lake.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni shairi la mama mkulima wakati wa vita. Shairi lilisema mahindi yamebeba, aliyeyapanda hayupo.

"Huu ndio ukinzani," akawaambia wanafunzi. "Mstari mmoja unacheka, wa pili unalia, na mshairi kaiweka jirani makusudi. Shamba lingekuwa kame, tusingeumia hivi. Uzuri wa mahindi ndio unaotutia uchungu." Akatoa leso akafuta macho.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na baba wa huyo kijana? Mbona hayumo?"

Mwalimu akacheka. "Shairi halikumhitaji."

Alipotoka shule alikuta majirani wamejaa kwenye kishamba cha mwanawe. Mahindi yalikuwa yamebeba kwelikweli, na katikati yake watu walikuwa wanachimba kaburi. Desturi mnaijua: mwili wa mtu ukipotelea mbali, hukatwa mgomba, ukazikwa badala yake. Mgomba ulikuwa umelazwa chini, umevishwa shati la kijana, na mama wa kijana ameketi kando yake. Habari ya kifo chake vitani ilikuwa imefika asubuhi, mwalimu akiwa darasani.

Mwalimu akamwendea mkewe. "Mbona hukutuma mtu aniite?"

Mkewe hakuinua uso. "Walitaka kukuita, Mwalimu. Nikawaambia wakuache. Huku wewe si huwa huji?"

Ndugu zangu, mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Ukinzani aliujua vizuri, na machozi yake darasani yalikuwa ya kweli. Lakini yaliishia kwenye leso. Na sisi je? Wimbo ukiimbwa hapa tunafuta macho, kisha tunarudi kulala nyumba moja na mtu ambaye hatujamsemesha tangu mavuno. Ati tunangoja aje kuomba radhi! Na asipopata nafasi ya kuja? Nani kule kwako anapalilia peke yake leo hii, wewe ukipita njia ya pili ili usimwone? Mimi naumia nikiwaza jambo hili, na ninyi naomba muumie.

Mwalimu yule alishika jembe siku ile, ndiyo. Aliingia katika kishamba cha mwanawe, akalishika kwa mikono miwili. Alilishika kufukia kaburi.