Pamba ya Mwalimu Ngailo

Wembe mkali hausukumwi.

Mmeisikia methali hii leo mchana kwenye foleni ya makande, pale mlipokuwa mkisukumana kama mbuzi waliofunguliwa zizi, na mpishi akaitamka bila hata kugeuka. Sasa mmekuja kuniuliza ilikotoka. Mmefanya vyema. Kaeni chini, aliyekalia ndoo yangu ainuke, nami nitawaeleza, kwa maana katika bweni hili la Nyati mzee ni mimi. Nina miaka kumi na tisa na goti linalouma wakati wa baridi.

Msiitafute methali hii vitabuni. Wahenga wengine walikuwa na mvi na mkongojo. Mhenga wa methali hii alikuwa na kapu na kitenge chenye picha za kuku. Habari zake nilizipokea kwa Lusekelo, naye alizipokea kwa Ombeni, na Ombeni alikuwapo, tena ndiye aliyeshika kikombe cha povu. Mambo yalikwenda hivi.

Enzi hizo shule ilikuwa na mwalimu wa nidhamu aliyeitwa Ngailo. Katika suala la ndevu, Mwalimu Ngailo hakuamini macho. Macho, alisema, hudanganyika. Yeye aliamini pamba. Siku ya ukaguzi alipita mstarini na kipande cha pamba, akakipitisha kidevuni mwa kila mwanafunzi taratibu, kama daktari anayetafuta homa. Pamba ikipita salama, umepona. Ikiacha hata uzi mmoja ukining'inia, basi una ndevu, na mwenye ndevu hakuruhusiwa kusimama mbele ya wageni.

Sheria hiyo haikuwasumbua wengi. Wavulana wengi walikuwa na nywele chache tu kidevuni, wakizitunza kama miche ya kahawa. Lakini alikuwapo Sixbert Mgaya wa kidato cha sita. Ndevu za Sixbert zilikuwa na bidii kuliko mwenyewe. Akizinyoa asubuhi, kengele ya chakula cha mchana ilizikuta zimeshawasili.

Na huyo Sixbert ndiye aliyechaguliwa kuongoza ngonjera siku ya mahafali. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Ludewa kumsikiliza. Mama huyo alikuwa mjane mwenye shamba la viazi ambalo halikumpa likizo, na miaka yote ya masomo ya mwanawe hakuwahi kuiona shule hii hata kwa nje. Sixbert alikwisha kumwahidi kwamba atamkuta amesimama mbele ya watu wote.

Siku ya mazoezi ya mwisho, Mwalimu Ngailo akampitishia pamba. Pamba ilinasa, ikabaki pale kidevuni yenyewe, kama ndege aliyepata kiota.

"Mgaya," mwalimu akasema, "nitakupima tena Jumamosi asubuhi, kabla mgeni rasmi hajafika. Ikinasa, ngonjera ataongoza Festo."

Festo wa bweni la Swala alikuwa na mashavu laini kama yai na sauti kama bawaba iliyokosa mafuta. Bweni la Nyati lilikaa matanga.

Hapo ndipo Ombeni, kiranja wa usafi, alipojitwika mzigo wa kumwokoa rafiki yake. Ombeni alikuwa bingwa wa kusugua sakafu, na aliamini kwamba kila tatizo duniani ni sakafu. Jumamosi alfajiri alimpeleka Sixbert bombani, ambako maji yalikuwa baridi ya kuuma meno, akampa kiwembe cha plastiki ambacho Sixbert mwenyewe alikuwa amekitumia tangu muhula uanze.

"Ndevu ni kama uchafu wa kwenye kona," Ombeni alifundisha. "Usipokandamiza, haziondoki. Kandamiza."

Sixbert akakandamiza.

"Bado. Kandamiza kama unachukia."

Walipomaliza shavu la kushoto, Ombeni alichomoa pamba kutoka kwenye mto wake wa kulalia, akapima. Ndevu hazikuwapo tena, ila pamba ilinasa vilevile, maana damu nayo hunasa. Basi Sixbert akawa na mashavu mawili ya kumshtaki: la kushoto kwa damu, la kulia kwa ndevu. Kutoka upande wa bweni la Swala, Festo alisikika akipasha sauti moto.

Wakiwa katika hali hiyo, mwanamke mmoja mwenye kapu na kitenge cha kuku akaja moja kwa moja hadi bombani. Alikuwa amelala kwa jamaa zake mjini ili awahi. Wavulana wakasimama wima.

"Shikamoo mama," wakasema wote.

"Marahaba, wanangu." Akamtazama Sixbert. "Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, mama. Nimenyoa ndevu."

"Kwa jembe?"

Sixbert akamweleza habari ya pamba, na ya ngonjera, na ya Festo. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kapu chini, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kunyolea ya chuma, ile ya kufungua na kuweka wembe ndani, pamoja na brashi, kipande cha sabuni na jiwe la shabu.

"Ya babu yako, baba yangu mimi," alisema. "Nilitaka nikupe baada ya sherehe, lakini naona sherehe yenyewe ina ndevu."

Ombeni akaitazama ile mashine kwa heshima na mashaka. "Samahani, mama. Kitu cha zamani hivi kinakata kweli?"

"Mashine ni ya zamani, wembe ni mpya. Hii imemnyoa babu yake mpaka tukamzika, na kilichobadilishwa ni wembe tu, ambao bei yake haifiki ya andazi. Ninyi mnanunua vya plastiki, mnavitumia mpaka vinakuwa vibutu kwa kuogopa gharama, halafu mnalipa kwa ngozi. Wewe kijana, unaitwa nani?"

"Ombeni, mama."

"Nenda jikoni ukaombe maji ya moto. Na kikombe."

Ombeni alirudi mbio. Mama akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akakilaza usoni mwa mwanawe akaamuru kitulie hapo mpaka ndevu zikubali kulainika. Kisha akazungusha brashi kwenye sabuni ndani ya kikombe, povu likapanda zito kama uji wa wagonjwa, na Ombeni akakabidhiwa kulishika. Kufikia hapo bweni zima lilikuwa limekusanyika. Kijana wa kidato cha sita, aliyetaka mama yake amkute akiwa mwanamume mbele ya umati, alikuwa ameketi juu ya ndoo, ameshikwa pua na mama yake, mbele ya umati.

"Mama, naweza mwenyewe."

"Nimeona unavyoweza. Babu yako alipoanza kutetemeka mikono nilimnyoa mimi, na hakuwahi kulalamika. Tulia."

Akapitisha mashine shavuni, akifuata upande ndevu zinakolala, hatua fupi fupi, akiisuuza kila mara. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata wavulana walidhani anafanya mzaha. Lakini kila ilipopita, ngozi ilibaki nyuma ikiwa safi, bila tone la damu.

"Haya, kidevu malizia wewe," akampa mashine. "Sitahamia huku bwenini."

Sixbert akaishika, akavuta pumzi, akakaza mkono kwa ile elimu ya Ombeni. Mama akamdaka kiwiko kabla hajagusa.

"Unasukuma nini? Ni mkokoteni huo?"

"Nataka zitoke zote, mama."

"Kibutu ndicho kinachotaka kusukumwa, mwanangu, na hata hivyo hakikati, kinachuna. Huu una makali yake na mashine ina uzito wake. Kazi yako ni kuuongoza. Wembe mkali hausukumwi."

Sixbert akalegeza mkono. Mashine ikateremka yenyewe, na kidevu kikatokea chini ya povu kikiwa kipya kama shilingi. Kisha mama akamwosha kwa maji baridi na kumpaka shabu kwenye majeraha ya shavu la kushoto. Shabu inauma, jamani. Ombeni alisema sauti aliyoitoa Sixbert hapo haikusikika tena hata kwenye ngonjera. Lakini damu ilikata.

Mwalimu Ngailo alipokuja na pamba yake, aliipitisha kulia, ikapita. Akaipitisha kushoto, ikapita. Akairudisha kidevuni mara ya pili, maana hakuwa mtu wa kukata tamaa, ikapita. Akaitazama pamba, kisha akajipapasa kidevu chake mwenyewe, ambacho asubuhi hiyo kilikuwa na vipande viwili vya karatasi vilivyobandikwa kuzuia damu.

"Mama Mgaya," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo shabu imebaki?"

Sasa mtadhani hadithi imeishia hapo. Haijaisha, na ndiyo sababu methali hii ni methali, wala si somo la kunyoa.

Mchana ule Sixbert alipanda jukwaani mbele ya mgeni rasmi, akamwona mama yake mstari wa tatu, kapu mapajani, na hofu ikamshika. Akaanza ubeti wa kwanza kwa kufoka. Alitoa macho, akapayuka, akakimbia vina kama anayefukuzwa na nyuki. Wageni wakaanza kutazamana. Festo, kule nyuma, alirekebisha tai.

Mama yake aliinua vidole viwili tu, akaviteremsha shavuni kwake, polepole, kwa wepesi.

Sixbert akashusha mabega. Alipoanza ubeti wa pili aliiachia sauti iende kwa uzito wake, na ukumbi ukatulia kabisa. Kwenye ubeti wa mwisho mgeni rasmi alikuwa amevua miwani anaifuta, na yule mama alikuwa amefunika uso kwa ncha ya kitenge cha kuku.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kesho kwenye foleni ya makande msimsukume mtu. Na ninyi wenye sauti, wenye akili za hesabu, na wewe uliyemwandikia msichana wa shule ya jirani mara nne kabla hajajibu mara moja, mkumbuke. Chenye makali kitakata, mradi ukiongoze kwa mkono mwepesi. Ukijikuta unakandamiza, kagua kwanza kama hukushika kibutu.

Wembe mkali hausukumwi. Haya, nirudishieni ndoo yangu, maji ya moto yanapoa na nina ndevu mbili za kushughulikia.