Kicheche Aliyeomba Miji

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa jabali.

Jabali la nani?

La aliyelala ndani yake.

Basi nanyi kaeni, ila msilale. Nitakayemkuta amelala nitamtegea kitendawili.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaazimana moto na chumvi, alikuwako Mama Pimbi. Alikaa katika ufa wa jabali na wanawe watatu. Ufa ule ulikuwa mwembamba, hata chui hakuweza kuingiza mkono, na mvua haikujua njia ya kuingilia. Mama Pimbi alikuwa na tabia moja: hakuamini upesi. Akiletewa jani, alilinusa mara ya kwanza, akalinusa mara ya pili, akalinusa mara ya tatu, ndipo alile. Majirani walimcheka. Walisema huyu hata jua likichomoza huliuliza limelala wapi.

Kila jioni, kazi zikiisha, wanyama walikutana uwanjani kwa Mzee Mbogo kutegeana vitendawili. Mmoja akisema, "Kitendawili!" wote huitikia, "Tega!" Kwale alitega kwamba bibi yake hafui shuka lake, likimchosha hulivua zima na kuliacha njiani. Watoto wakapiga kelele: nyoka. Nungu alitega kwamba yuko mtu hupigwa bila kosa, na akilia watu hucheza. Watoto wakasema: ngoma.

Wakishindwa, mtegaji aliomba mji. Wao humpa mji wa mbali, Kilwa au Tabora. Naye hujisifu: "Kilwa nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi." Kisha hutoa jibu. Hakuna aliyesogea hata hatua moja. Ulikuwa mchezo tu.

Siku moja akaja mgeni, Kicheche. Manyoya meusi, mistari myeupe, adabu tele. Wakubwa aliwapa shikamoo, wadogo aliwapapasa vichwa. Wote wakampenda. Lakini Mama Pimbi aliona kitu. Kicheche alipomwamkia mtu, macho yake hayakumtazama mtu. Yalimpita juu ya bega, yakaitazama nyumba yake.

Jioni ya kwanza Kicheche alimgeukia Nungu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nilikutana na saba. Watatu wakainama, mmoja akacheka, waliobaki wakageuka samli."

Nungu alijaribu vidole, akajaribu nyota, akashindwa. Akampa Kilwa. Kicheche akasema Kilwa ni mbali na miguu yake ni mifupi. "Nipe mji wa jirani, mjomba. Nipe pale kwako. Nikirudi nitakupa jibu."

Watu wakacheka, na Nungu akacheka. Akasema, haya, nenda kwangu. Kicheche akainuka, akaenda kweli. Hapo wakacheka zaidi, ila Mama Pimbi hakucheka.

Nungu aliporudi alimkuta Kicheche amejinyoosha shimoni, amejifunika majani yake. Akamtaka atoke. Kicheche akasema amepewa, na mashahidi ni uwanja mzima. Nungu akakimbilia kwa Mzee Mbogo. Mzee Mbogo alikuwa mtu wa sheria. Alimuuliza swali moja tu, kama maneno yale aliyasema au hakuyasema. Nungu akakiri aliyasema.

"Lililotolewa uwanjani limetolewa," akasema Mzee Mbogo. Nungu akalala chini ya miiba.

Jioni ya pili Kicheche alimgeukia Kwale. Akatega: babu alipanda mtungi, ukaota mkia, mkia ukamtuma babu maji. Kwale akashindwa. Naye akataka kutoa Tabora, maana yaliyompata Nungu alikuwa ameyaona.

Kicheche akamtazama kwa huruma. "Basi, shangazi, usijisumbue. Kama kichaka chako ni kibovu na unaona haya mgeni akione, mimi naelewa."

Kwale alivimba manyoya. "Kichaka changu hakina haya. Nenda ukakione!"

Kicheche akaenda akakiona. Asubuhi mkewe akafika na virago, akapanga vyombo humo. Kwale akalala juu ya tawi na vifaranga wake wanatetemeka.

Kisha Kicheche akapita kwa Mzee Mbogo. Akamwambia wako watu wachoyo wa miji, na wachoyo huua mchezo. Mzee Mbogo akapiga mbiu: mwenye kushindwa kitendawili akanyima mji, asinywe tena maji ya kisima chetu. Kicheche aliposikia mbiu hiyo, alilitazama jabali la Mama Pimbi. Alilitazama mara tatu.

Mama Pimbi akawatazama wanawe. Akitoa jabali, chui atawatafuna. Akinyima, kiu itawaua. Akakaa akafikiri. Jani nalinusa mara tatu, alijiambia, na kitendawili je, nani amekinusa?

Akamwita Nungu, akamwomba aende kwa upole kumuuliza Kicheche jibu la wale saba. Alipokwisha kuondoka, akamwita Kwale, akamwomba vivyo hivyo. Kila mmoja alimwagiza jibu alifiche moyoni mpaka Kicheche atakapoulizwa mbele ya watu.

Jioni ya tatu uwanja ulijaa. Kicheche alikuja amejipaka mafuta.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Jiwe langu upande mmoja linapiga chafya, upande wa pili linanyoa ndevu."

Mama Pimbi alisema ameshindwa. Kicheche akatabasamu, akaomba mji, akaongeza, "Mji wa karibu ungenifaa, dada yangu."

"Mji nitakupa," akasema Mama Pimbi. "Lakini desturi ina mguu wa kwenda na mguu wa kurudi. Kwa Nungu umekwenda, umekula, umeshiba, na umerudi, maana uko hapa. Toa kwanza jibu lake. Wale saba ni nani?"

Mzee Mbogo akatikisa pembe. Akasema hiyo ndiyo sheria, mwenye kupewa mji hutoa jibu.

Kicheche akajikuna. "Ni mbalamwezi," akasema.

Nungu akasimama. "Leo mchana uliniambia ni jongoo."

Kwale naye akasimama. "Mimi uliniambia ni mvua."

Kicheche akasema ni vyote vitatu, inategemea siku. Ndipo mtoto mdogo wa Mama Pimbi akauliza kwa sauti nyembamba, "Na kati ya hivyo, nani aligeuka samli?"

Kicheche akajikuna tena, akaanza kurudi nyuma. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii Mama Pimbi alicheka nao.

Mzee Mbogo akaamua. Kitendawili kisicho na jibu ni kelele, na kelele haipewi mji. Shimo likarudi kwa Nungu, kichaka kikarudi kwa Kwale, jabali halikuguswa. Kicheche akainua mkia, akawaachia harufu mbaya, akakimbia na mkewe na virago vyao. Harufu hiyo anayo mpaka leo.

Walipokwisha kupunga hewa, mtoto yule mdogo akasema, "Kitendawili!"

Hakuna aliyeitikia. Wote walimtazama. Hata mama yake alikunja uso, akamuuliza kama jibu analo. Mtoto akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Mama Pimbi akalisikiliza, akaligeuza, akalinusa. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akawageukia watu.

"Mwitikieni," akasema. "Analo."

Ndiyo maana hata leo watoto wakitegeana, mtegaji humnong'oneza jibu mtu wa pembeni kwanza.

Tumejifunza nini? Mwenye swali tamu muulize jibu kabla hujampa chako, na anayechekwa kwa kushuku huenda ndiye peke yake anayetazama.

Hadithi imekwenda, imekula, imeshiba, imerudi. Mimi nami nilipewa mji, nikapewa jikoni. Nimekuta sufuria na ukoko. Atakayeuliza ukoko uko wapi, jibu ninalo, ila kinywa changu kimejaa.