Shaame Azima Moto wa Hamamu ya Sultani

Hapo zamani, enzi za masultani waliojua kila kitu isipokuwa uzito wa tita la kuni, palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Ukele. Miti yake ilikwisha kukatwa, ikawa kuni zote zaletwa kutoka mrima, pwani ya bara. Sultani Mwinyi Badi alipoambiwa kwamba kuni zinapungua, akamwagiza waziri wake, Mauli, atafute dawa. Waziri akafikiri, na waziri akifikiri, maskini na ajiandae.

Kulipokucha mpiga mbiu akapita mitaani: "Sikilizeni, enyi watu, amri ya Sultani! Yeyote atakayekuta moto unawaka bila kazi, auzime, na kuni zilizobaki ni zawadi yake!"

Lo! Askari waliokuwa hawawezi kuinuka kumkimbiza mwizi, sasa wakawa wananusa moshi toka mtaa wa pili. Mama akiepua chungu aonje chumvi tu, askari yuko mlangoni. "Moto huu wafanya kazi gani sasa?" Wanauzima, wanabeba kuni kwenda kwao. Nyumba za askari zikajaa kuni hadi darini, na mji ukala viporo.

Basi alikuwapo fukara mmoja, jina lake Shaame, ambaye watu walimwita juha kwa kuwa kila neno alilishika kama lilivyosemwa. Mkewe, Mize, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, naye alipaswa kukandwa kwa maji ya moto mpaka arubaini yake itimie. Siku hiyo mkunga aliepua sufuria, na kabla hajateleka ya pili, askari akaingia. Moto ukazimwa, kuni zikaenda. Mize akabaki anatetemeka, tumbo linamkata, na Shaame akalia machozi, kwani kuni zile alikuwa ameziomba nyumba kwa nyumba.

Akaenda kwa waziri, jumbani mwa Sultani. Waziri akamsikiliza huku akila haluwa.

"Ewe Shaame, wewe waangalia mafiga yako, mimi naangalia kisiwa kizima. Mwambie mkeo amri hii ni ya hekima, na hiyo itampa joto."

"Amri yenyewe yatosha kumpa joto, bwana wangu?"

"Yatosha na kubaki."

"Nimesikia," akasema Shaame, akatoka kwa kupitia uani. Huko akakuta birika la shaba la hamamu ya Sultani, kubwa la kutosha kuogeshea ng'ombe, liko juu ya moto wa magogo. Mchochea moto amekaa kando anasinzia.

"Ndugu yangu, nani aoga?"

"Hakuna."

"Moto je?"

"Hauzimwi kutwa kucha. Huenda Seyyid akatamani kuoga."

"Na sasa hivi wafanya kazi gani?"

Yule mtu akawaza, maana hakuwahi kuulizwa. "Wangoja," akasema.

Shaame akateka maji kisimani, akaumwagia moto, akaanza kufunga matita yake. Askari wakamkamata mzigo ukiwa begani, wakamfungia. Baadaye Sultani akataka kuoga, akakuta maji yamepoa, ikawa ghadhabu jumba zima. Shaame akatolewa kifungoni, akaletwa mbele yake na baraza lake.

"Nani aliyezima moto wangu?"

"Ni mimi, Seyyid, na kwa amri yako. Ulikuwa hauna kazi."

Sultani akatazama huku na huku, akaona amebanwa na kinywa chake mwenyewe, jambo ambalo wakubwa hawalipendi. Akasema, "Vema, kuni ni zako. Lakini nataka maji ya moto sasa hivi, pasipo kuwasha hata ukuni mmoja. Usipoweza, utahamishwa kutoka kisiwa hiki wewe na mkeo na kichanga chenu."

"Nimetii, Seyyid. Naomba mpiga mbiu."

Akaja. Shaame akamsimamisha mbele ya pipa la kuogea la Sultani, lililojaa maji yaliyopoa, akamwambia ayasomee maji ile amri. Akasoma. Shaame akatia kidole. "Soma tena, ndugu yangu. Paza sauti."

"Upuuzi gani huu?" akafoka waziri.

"Vumilia, bwana wangu. Wewe ulisema amri hii itamtosha mke wangu mzazi na kubaki. Hicho kilichobaki ndicho ninachompashia Sultani."

Sultani akamgeukia waziri. "Ulisema hivyo, Mauli?"

Waziri akarudi nyuma hatua moja.

"Basi ingia wewe kwanza utuonjee."

Waziri akaingia na joho lake na kilemba chake, mpiga mbiu akasoma mpaka koo likakauka.

"Je, yanapata moto?" akauliza Sultani.

"Ya-ya-yanaanza, Seyyid," akasema waziri, meno yakigongana.

Sultani akacheka hata akashika nguzo, na baraza zima likacheka naye. Shaame peke yake hakucheka.

"Seyyid, mke wangu anatetemeka vivyo hivyo tangu asubuhi, na kwake si mchezo."

Kicheko kikakatika. Sultani akainamisha kichwa, akaona haya mbele ya watu wake. Akaamuru askari warudishe kila ukuni walioutwaa, na kwamba tangu siku hiyo amri yoyote ya kubana matumizi ianzie jikoni mwake. Kisha akamwambia waziri achukue matita ya Shaame begani, ampelekee nyumbani.

Waziri akaenda, nguo zachuruzika maji, watoto wanamfuata. Walipofika, moto ukawashwa, na waziri akasogea mlangoni aote kidogo. Mkunga akamzuia kwa mkono.

"Ngoja nje, baba. Mwanamume haingii mzazi akikandwa."

Akangoja nje anatetemeka, huku akisikia maji ya moto yakimiminwa ndani.