Mjane wa Ukingoni na Chai ya Kinyonga

Ngano, ngano.

Ngano njoo, tumekukalia kitako.

Nije na utamu au nije na ukweli?

Njoo na vyote viwili.

Basi sogeeni motoni. Hapo zamani, juu milimani kwenye ukungu, aliishi mwanamke aliyeitwa Nakunda. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, ukingoni mwa msitu. Mumewe, Senzighe, alifariki msimu wa mvua. Watu wakapanda mlima, wakazika, wakalia naye, wakampikia. Siku ya saba Nakunda akachoka na vilio, akawaambia, "Niacheni."

Wakamwacha.

Ikapita mwezi. Ikapita miwili. Ikapita mitatu. Nakunda alilima peke yake, akapika peke yake, akala peke yake. Hakuwa na wa kumwambia hata kwamba mvua inakuja. Sauti yake ikaanza kupungua. Kwanza ikawa nyembamba, kisha ikakwaruza, mwisho ikabaki mnong'ono na kikohozi kikavu. Kilimtoka asubuhi, kilimtoka mchana, kilimtoka jioni.

Pimbi akakisikia kutoka kwenye majabali. Akaja mlangoni.

"Hodi, mama wa ukingoni. Unakunywa nini?"

"Maji," Nakunda akanong'ona.

"Ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi."

"Unakunywa na nani?"

"Peke yangu."

Pimbi akatikisa kichwa. Akamwachia fungu la mchaichai. "Ukate, uufunge mafundo, uuchemshe mpaka nyumba nzima inukie." Kisha akakimbia, maana pimbi hapendi kukaa mbali na jabali lake.

Nakunda akachemsha, nyumba ikanukia. Akanywa, kifua kikalegea kidogo. Akageuka aseme asante, mlango ulikuwa mtupu.

Siku ya pili akaja kima, akaning'inia kwenye paa.

"Hodi, mama wa ukingoni. Unakunywa nini?"

"Mchaichai."

"Wa moto au wa baridi?"

"Wa moto."

"Unakunywa na nani?"

"Peke yangu."

Kima akamtupia tangawizi yenye udongo bado. "Iponde na maganda yake. Nimeichimbua shambani kwa watu, usiniulize kwa nani." Na yeye akaruka, akaenda zake.

Nakunda akaponda, akachemsha, akanywa. Koo likapata joto. Lakini alipojaribu kuliita jina la mumewe, sauti haikutoka. Akakaa jikoni, kikombe mkononi, mpaka kikapoa.

Siku ya tatu akaja kinyonga. Alianza kutembea asubuhi, akafika jua likiwa limepanda. Alikuwa ameshikilia mdomoni tawi la chai, majani mawili na kichipukizi chake.

"Hodi, mama wa ukingoni. Unakunywa nini?"

"Mchaichai na tangawizi."

"Vya moto au vya baridi?"

"Vya moto."

"Unakunywa na nani?"

"Peke yangu."

Kinyonga akazungusha jicho moja, akazungusha la pili. "Mimi siwezi kukimbia kama wenzangu," akasema. "Nitakaa."

Akamwonyesha mti wa chai ulioota nyuma ya nyumba, ambao Nakunda alidhani ni kichaka tu. Akamfundisha taratibu. Chuma majani machanga tu. Yageuze kwenye chungu cha moto mpaka yanyong'onyee, yatoe kabla hayajawa meusi. Yasugue viganjani. Yaanike kwenye ungo.

Nakunda akafanya. Yalipokauka akabandika maji, yakachemka, akataka kuyatia majani pale pale.

"Epua kwanza," kinyonga akasema. "Acha maji yatulie. Maji yenye hasira huyatia majani uchungu."

Akaepua, akasubiri. Akatia majani, mchaichai na tangawizi, akafunika kwa sahani. Walipofunua, chai ilikuwa ya kijani. Akadondoshea asali. Wakanywa wote wawili, kinyonga akilamba kwenye ile sahani.

Hapo Nakunda akasema, na sauti ikatoka, "Nilimwekea Senzighe blanketi miguuni. Akasema bado anasikia baridi."

Kinyonga akasikiliza mpaka chai ikaisha.

"Kaa hapa," Nakunda akamwomba. "Kila siku nitakupikia."

"Mama, mimi nimeumbwa niishi peke yangu, wala siumii. Wewe unaumia. Majani haya yamelainisha koo tu. Sasa ita watu wako."

"Niliwaambia waniache."

"Basi waambie waje."

Kinyonga akashuka kizingiti. Nakunda akamtazama akienda, hatua moja, akasimama, hatua nyingine, mpaka rangi yake ikawa rangi ya majani asimwone tena.

Kesho yake akapika chai, akasimama kwenye jiwe, akaita bondeni, "Ndugu zangu, maji yamechemka, karibuni." Hakuja mtu. Akainywa mwenyewe.

Siku ya pili akaita. Hakuja mtu. Siku hiyo alilia, akataka kung'oa ule mti wa chai. Akauacha.

Siku ya tatu akaita, sauti ikikwaruza. Akaona mtu anapanda polepole. Alikuwa Namsifu, wifi yake, dada wa marehemu.

"Wifi," Namsifu akasema, akitweta, "juzi nilikusikia. Nikaona aibu kuja."

"Aibu ya nini?"

"Ulisema tukuache, nami nikafurahi kukuacha. Kuiona nyumba hii bila kaka yangu sikuweza."

Nakunda akamjazia kikombe. Wakakaa, wakanywa. Jua lilipoinama Namsifu akarudi kwake, na nyumba ikawa kimya vile vile. Lakini wiki iliyofuata Namsifu alirudi, tena bila kuitwa.

Ngano yangu imefika, nami naitua hapa. Mwenye huzuni akikwambia umwache, mwache leo, kesho kampigie hodi. Na wewe uliyefiwa, ukiita mara moja wasije, ita tena.

Nasikia hata leo kinyonga hanywi chai, anasema wanadamu wanazidisha asali. Mimi simlaumu. Nani yuko karibu na birika? Mjazie jirani yako kwanza, kisha unikumbuke msimuliaji.

Tumekusikia, mzee. Leta kikombe.