Jibini ya Tasiana

Palipopasuka ndipo pa kupamba. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo binti aliyechana gauni la sherehe, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Sogeeni basi, na muache kugombania blanketi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Njombe palikuwa na vitongoji viwili, cha Juu na cha Chini. Kila kipupwe, mavuno yakishaingia ndani, walikula pamoja sikukuu ya parokia. Kabla ya chakula, kila kitongoji kilileta kionjo cha kufungulia mlo. Ambao kionjo chao kilibaki kwenye sinia ndio walioosha vyombo vya karamu nzima, mtoni. Na maji ya kipupwe mnayajua, yanauma mpaka mtu mzima anatoa machozi. Kitongoji cha Juu kilikuwa kimeosha miaka sita mfululizo.

Mwaka wa saba kazi ilimwangukia Tasiana, mke mgeni wa Juu, aliyejifunza kutengeneza jibini kwa masista kabla ya kuolewa. Alikusanya maziwa ya kila nyumba, akayagandisha, akayakamua, akafinyanga jibini moja kubwa, nyeupe na laini kama shavu la mtoto. Alikusudia kuichora nyota.

"Jibini!" watu wa Chini wakacheka. "Si maziwa yaliyozeeka hayo? Tayarisheni mikono!"

Maneno hayo yalimchoma Tasiana. Mama mkwe wake, Mama Delfina, alikuwa na baridi yabisi, na vidole vyake vilishaanza kupinda. Mwaka mwingine mtoni ungemmaliza mikono.

Sasa, kule kila kitu cha thamani hupandishwa darini, juu ya moto wa jikoni: mbegu za mahindi, maharage, hata cheti cha ndoa. Siku moja kabla ya sikukuu, Mama Delfina aliiona jibini imeachwa dirishani penye ubaridi, akaihurumia. Akaipandisha darini ipate joto.

Asubuhi Tasiana alipoishusha, ilikuwa imekauka ngozi, imekuwa ya manjano kwa moshi, na ufa umeizunguka toka kichwani mpaka chini.

"Nani aliiweka huku?"

"Ni mimi, mwanangu. Niliogopa itapigwa na baridi."

Tasiana akalia, kweli akalia. Mama Delfina akafunga kanga kiunoni.

"Tupeleke viazi tu. Kuosha nitaosha, nimeshazoea."

"Huoshi, mama."

"Na ufa huo tutauficha wapi? Hata kipofu atauona!"

Tasiana akajifuta uso, akautazama ule ufa.

"Basi wauone vizuri. Niletee karanga."

Wakakaanga karanga, wakazimenya, wakazipasua vipande viwiliviwili. Tasiana akaujaza ufa siagi, akachomeka karanga mojamoja, kila moja ikilalia mgongo wa mwenzake. Alipofika mwisho wa ufa akaona mstari umependeza kuliko jibini yenyewe, akaendelea mpaka ikafunikwa yote. Mama Delfina akatoka nje, akarudi na tawi bichi la msonobari, akaliweka juu ya jibini.

Karamuni, Mzee Kaduma wa Chini, mwenye mdomo kuliko wote, ndiye aliyefunua sinia. Mbele yake lilikuwa tunda la msonobari, kubwa kama kichwa cha ndama, na magamba yake yote.

"Hili mmeliokota msituni?"

"Chomoa gamba moja, baba," Tasiana akasema.

Akachomoa, akatafuna karanga na jibini iliyoshika moshi wa darini. Akachomoa la pili. Alipofikia la tano mkewe akampiga kofi mkononi apishe wengine. Watu wakasukumana, wazee wakasahau uzee wao, na muda si mrefu likabaki tawi peke yake. Kwenye sinia ya Chini maandazi yalikuwa yamepoa, hayajaguswa.

Juu wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Mzee Kaduma akakunja suruali, akabeba sufuria la kwanza kwenda mtoni. Mama Delfina alikaa karibu na moto, mikono mikavu mapajani, na kila aliyemuuliza mkwewe aliwezaje, alimjibu kwa sauti ya kusikika hadi mtoni:

"Palipopasuka ndipo pa kupamba!"