Mpelelezi Aliyesalimiwa Kupita Kiasi

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mmefunga wiki nzima? Paukwa!
Pakawa!
Haya. Anayetaka kuniamkia aniamkie sasa, maana nikishaanza sisimami.

Kilikuwa kiangazi, visima vyote vimekauka. Maji yalibaki ng'ambo ya korongo, na njia ya kwenda huko ni gogo moja tu. Fisi na jeshi lake wakalikalia hilo gogo. "Atakayepita ni kitoweo changu," alisema Jemadari Fisi. Huko nyumbani watoto wa wanyama wadogo walilia bila machozi, na kitindamimba wa Nguchiro alikuwa hata halii tena.

Basi Nguchiro akajigaragaza majivuni, akajipaka madoa ya mkaa, akaenda kujiandikisha jeshini, ati yeye ni mtoto wa fisi wa mbali. Wakampokea, wakampanga zamu pale gogoni. Kazi yake ya siri ilikuwa kupeleleza walinzi hulala saa ngapi. Angeimaliza mapema sana, kama si ndugu zake.

Akapita Pimbi upande wa huku, mbali kidogo na gogo. "Shikamoo, mjomba."

Nguchiro akatazama juu. "Mimi si mjomba wako."

"Haya, mjomba. Watoto hawajambo?"

Akapita Digidigi. "Shikamoo, mjomba."

"Mimi si mjomba wako."

"Sawa, mjomba. Tutaonana."

Akaja Shangazi Kobe, kokoto, kokoto, kokoto, akasimama mbele yake kabisa. "Nguchiro mwanangu, majivu yamekukaa. Umeamkaje?"

"Mama, mimi sikujui."

"Hunijui? Mimi niliyekuogesha?"

Nguchiro alichoka. Alichoka mpaka mkia. Angekuwa na adui mmoja tu angemweza, lakini ndugu hawana dawa.

Fisi akamsogelea. "Mbona wanakuamkia wewe?"

Hasira zikampa Nguchiro akili. "Wanaamkia jeshi, jemadari. Hawa kwa salamu hawajiwezi. Mimi kuruta wananipa heshima hii, sembuse wewe? Keti juu ya kichuguu kile, lipe gogo mgongo, waje wote wakuamkie. Wakiisha, unawala kwa mpigo. Ila usile katikati ya salamu, mkubwa hafanyi hivyo."

Fisi mate yakamdondoka. Akaketi, akawapanga askari wake mbele, nao pia wakalipa gogo mgongo.

Nguchiro akawanong'oneza ndugu zake, nao wakaja. "Shikamoo, jemadari."

"Marahaba."

"Nyumbani?"

"Salama."

Kisha nyuma yake, tiki tiki tiki, juu ya gogo.

"Shikamoo, jemadari."

"Marahaba."

"Nyumbani?"

"Salama."

Tiki tiki tiki. Mke wa Nguchiro naye akaamkia, kitindamimba mgongoni, akapita.

"Walioniamkia wako wapi?" akauliza Fisi.

"Nyuma yako, jemadari."

"Nigeuke niwaone?"

"Mkubwa ageuke katikati ya salamu?"

"Aa, hapana."

Wa mwisho akawa Shangazi Kobe. Akauliza nyumbani, akauliza mashamba, akauliza meno. Hatimaye akapanda gogo, kokoto, kokoto, Nguchiro akimsukuma kwa kichwa. Katikati ya gogo akasimama.

"Ngoja. Mkewe sijamuulizia."

"Shangazi, nakuomba."

"Watatuonaje, mwanangu?"

Huku nyuma Fisi aliona salamu zimekwisha. Akageuka ale. Hakuna mtu. Akaja mbio, puu puu puu, na jeshi lake nyuma. Nguchiro akamfikisha shangazi ng'ambo, wote wakaweka mabega kwenye gogo, wakasukuma. Gogo halikuondoka. Fisi akaweka mguu juu yake.

Shangazi Kobe akageuka. "Jemadari, samahani, tumeachana vibaya. Mama watoto hajambo?"

Fisi akasimama. Akarudisha mguu, akasafisha koo. "Hajambo, mama, ila miguu yamsumbua kido..."

Gubwiii! Gogo likaenda chini korongoni.

Kitindamimba akanywa maji mpaka tumbo likamjaa. Nguchiro akaketi kando yake.

"Umenisukuma," akasema Shangazi Kobe. "Na tangu asubuhi hujaniamkia."

Nguchiro akainamisha kichwa. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Basi, funzo ni hili: ukiwa kazini usiamkie mtu, salamu hazijamfaa yeyote tangu dunia iumbwe. Hadithi yangu imeshavuka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, bado yuko ukingoni anaeleza habari za miguu.

Na nyie, ndio mnaondoka hivyo, hata bila kuniaga?